Msaidie Sungura Afike Kwake

Duka la Vardges liko chini ya ngazi,
mtaa wa pili kutoka kiwanda cha soksi.
Naingia saa kumi na mbili jioni, Gyumri imeshaganda,
viatu vyangu vinamwaga theluji sakafuni kwake,
naye hanigombezi, anauliza tu: "Ngapi leo?"
Kumi. Dramu ishirini kila moja.
Printa inakohoa, inatema karatasi zenye joto,
nami nazitia ndani ya koti, kifuani,
kama mtu aliyetoka kununua mkate.

Zimo herufi za nukta za kufuatisha,
Ayb ya kwanza, na mkia wake mfupi wa kuume.
Limo komamanga la kupaka rangi:
punje tano nyekundu, tatu manjano
(nani amewahi kuona komamanga la punje za manjano?).
Zimo soksi sita za kuoanisha,
na hapo nacheka peke yangu njiani:
mchana kutwa nimeoanisha soksi elfu mbili
na hakuna aliyenichorea nyota.

Nazeli yuko kwa jirani Satenik, mkasi butu mkononi,
ameshakata pembe za gazeti la watu.
Tunahamia kwetu, tunakaa karibu na jiko la kuni.
Penseli anaikamata kwa ngumi, kama mwiko wa kukorogea.
"Vidole vitatu," namwambia. Anatii mpaka nigeuke.
Ulimi nje, pumzi ameibana,
kila nukta anaipigia hodi kabla ya kuipita.
Ayb yake inapanda mlima, inateleza, inalala chali.
Nasema vizuri. Si uongo:
jana haikuwa hata na miguu.

Wino wa Vardges unakwisha, na mwenyewe hasemi.
Kuanzia karatasi ya sita mistari inafifia,
na kwenye ya nane, ile ya kuunganisha namba,
kumi na tatu ipo,
kumi na tano ipo,
kumi na nne hakuna.
Nazeli anasita, penseli hewani.
"Imekwenda wapi?"
"Imekwenda kazini," nasema, bila kufikiri,
na nyumba nzima inanyamaza, hata kuni.
Maana ndivyo tunavyosema kuhusu Hrant
tangu Machi, alipopanda basi la kwenda Tyumen
na begi lenye timazi na sweta mbili.

Anafikiri.
Kisha anaweka nukta yake mwenyewe,
kubwa, nyeusi, nusura itoboe karatasi,
pembeni anaandika 41,
na safari inaendelea.
Samaki anatokea. Ana nundu.

Ya mwisho ni mzingile.
Juu sungura, chini shimo lake, katikati kuta tupu.
*Msaidie sungura afike kwake.*
Mimi mtu mzima naifuata njia kwa macho:
kulia, pameziba. Kushoto, pameziba.
Narudi, naanza upya, nakwama palepale.
Yeye haziangalii kuta. Anavuta mstari mmoja
kutoka sikio la sungura moja kwa moja hadi mlangoni,
anapasua kuta tisa. Nimezihesabu.

"Hapo pana ukuta, mwanangu."
"Baba anazijua kuta," anasema. "Atamfungulia."

Saa tano usiku Hrant anapiga, sura yake inakwamakwama,
saruji kavu bado kwenye nyusi.
Nainua karatasi mbele ya simu.
Anaitazama muda mrefu, kwa jicho la fundi, haulizi kitu.
"Pale kwenye ukuta wa tano," anasema mwishowe,
"mwambie aweke linta. La sivyo utamwangukia."
Asubuhi namwambia.
Anachora linta.

Ulikuwapo pia ukurasa wa majibu.
Sikuuchapisha.
Dramu ishirini ni dramu ishirini.